Mimi, Wewe na Yeye katika Santuri ya Blue

Mwezi wa Juni mwaka 1971 kampuni ya Reprise ya Marekani ilitoa santuri iitwayo Blue, yenye nyimbo 10, tano upande wa kwanza na tano upande wa pili, zote zimetungwa na kuimbwa na Joni Mitchell, mwanamke wa Kanada aliyekuwa na umri wa miaka 27. Ukiipiga yote haifiki dakika 40. Vyombo vyake ni vichache: gita, piano, na ala moja ya nyuzi ya watu wa milima ya Appalachia ambayo mpigaji huilaza mapajani. Ngoma zasikika katika nyimbo chache tu. Kwa vipimo vya biashara ya muziki wa wakati ule kilikuwa kitu kidogo. Lakini mwaka 2020 jarida la Rolling Stone lilipokusanya kura za wanamuziki na wahakiki juu ya albamu 500 zilizo bora, Blue ilipewa nafasi ya 3. Na miongoni mwa waisikilizao leo wamo wengi ambao wazazi wao walikuwa hawajazaliwa ilipotoka.

Katika makala haya nataka kuuliza kwa nini santuri hii imedumu, na kulipinga jibu ambalo hutolewa mara nyingi. Swali hili si geni kwa wasomaji wa jarida hili, kwani ndilo tunalojiuliza kila tuchukuapo utungo wa mtu aliyekufa zamani tukauona ungali hai. Huenda jibu likatufaa hata katika kazi zetu wenyewe.

Yafaa kwanza kueleza namna ya muziki wenyewe. Katika miaka ya 1960 vijana wa Marekani walizichukua nyimbo za jadi, zilizokuwa zikiimbwa kwa gita tupu, wakazitia gita la umeme na mdundo wa roki. Bob Dylan alipopanda jukwaani Newport mwaka 1965 akiwa na gita la umeme, wako waliomzomea. Ilipofika mwaka 1970 hivi, muziki huo ulitulia, ukaacha kusema habari za umma, ukaingia chumbani. Mtunzi akawa ndiye mwimbaji, na habari akawa yeye mwenyewe. James Taylor alitoa Sweet Baby James mwaka 1970. Carole King alitoa Tapestry mwezi wa Februari 1971, nayo ikakaa juu ya orodha ya mauzo ya Marekani kwa majuma 15. Watu hawa walijuana na kusaidiana: gita la Taylor lasikika ndani ya Blue, na sauti ya Mitchell yasikika ndani ya Tapestry. Wahakiki wakaziita nyimbo zao nyimbo za maungamo.

Neno hilo ndilo lililoleta jibu ninalolipinga. Yasemwa kwamba Blue imedumu kwa sababu Mitchell alifungua moyo akasema kweli yote bila kuficha, na watu hupenda kusikia kweli ya mtu. Kwa sababu hiyo vimeandikwa vitabu na makala mengi ya kutafuta mwanamume gani ndiye aliyekusudiwa katika wimbo gani. Sikusudii kuyarudia majina hayo. Nasema tu kwamba, kama jibu hili lingekuwa sahihi, nyimbo hizi zingalichakaa kadiri majina yanavyosahauliwa. Mambo yamekwenda kinyume: majina yanasahauliwa, na nyimbo zinazidi kuimbwa.

Tuchukue mfano mmoja, wimbo wa tatu katika upande wa kwanza, "Little Green". Mwaka 1965, kabla hajajulikana, Mitchell alijifungua binti, na kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kumlea alimtoa alelewe na watu wengine. Wimbo huu wamhusu mtoto huyo. Lakini santuri ilipotoka, umma haukujua. Mhakiki wa Rolling Stone aliyeiandikia santuri hiyo mwaka 1971 alilalamika kwamba mafumbo ya wimbo huu hayaeleweki. Habari haikuenea mpaka miaka ya 1990, na mwaka 1997 mama na binti wakakutana. Basi kwa zaidi ya miaka 20 wimbo ulisikilizwa na kupendwa na watu wasioijua siri yake. Ungamo ambalo hakuna alisikiaye kuwa ni ungamo laweza vipi kuwa sababu ya kupendwa?

Mwanaisimu autazamaye wimbo huo kwa makini huona jambo jingine. Tangu mwanzo hata mwisho neno "mimi" halimo. Mtoto aitwa kwa jina la rangi, na mara huambiwa "wewe", mara husemwa kuwa "yeye". Baba ni "yeye" wa kiume aliyekwenda zake California. Na mama, ambaye ndiye mwimbaji, naye ni "wewe": yeye ndiye aandikaye barua, yeye ndiye atiaye saini karatasi, lakini asemeshwa kama mtu mwingine aliyesimama mbele. Wimbo unaodhaniwa kuwa kilele cha maungamo hauna nafsi ya kwanza hata moja. Mtunzi alipofika penye uchungu mkubwa kuliko wote, alitoka katika kiti cha "mimi" akakiacha wazi.

Jaribu kuufasiri wimbo huo kwa Kiswahili, utaona jinsi ufundi wenyewe ulivyo mwembamba. Kiingereza hutofautisha yeye wa kiume na yeye wa kike. Kwa hiyo msikilizaji hutambua kwamba wako watu wawili, ijapokuwa hakuambiwa ni nani. Kiambishi chetu a- hakitofautishi. Mfasiri hana budi kuchagua: ama aache a- zote mbili zigongane, msikilizaji asijue ni nani aliyeondoka na nani aliyepotea, ama aandike "baba" na "mwana", na papo hapo awe ameitoa siri ambayo mtunzi aliificha kwa zaidi ya miaka 20. Sioni njia ya tatu iliyo nzuri. Sikusudii kwa hayo kuishusha lugha yetu, maana nayo ina mahali pake pa kuficha, kama nitakavyoonyesha.

Mwaka 1956 Émile Benveniste, mwanaisimu wa Ufaransa, alionyesha kwamba neno "mimi" halielekei kitu kimoja duniani kama "mti" au "nyumba" yaelekeavyo. Lamwelekea yule alitamkaye, wakati alitamkapo. Mbele ya riwaya msomaji hubaki msomaji, na "mimi" ya kitabuni ni ya mwingine. Wimbo ni tofauti. Apendaye wimbo huuimba, na auimbapo hutamka "mimi" kwa kinywa chake mwenyewe, na wakati huo neno lamwelekea yeye. Naona kwamba nyimbo zidumuzo ni zile zilizojengwa ziweze kustahimili uhamisho huo.

Ushahidi upo wa kutosha. "Both Sides, Now", wimbo ambao Mitchell aliutunga kabla ya Blue, ulijulikana kwanza kwa kinywa cha Judy Collins, mwaka 1968. Mitchell mwenyewe aliurekodi mwaka 1969. Aliurekodi tena mwaka 2000, mbele ya kundi kubwa la wapiga vyombo, sauti ikiwa imeshuka na kuwa nzito. Kisha mwezi wa Julai 2022, akiwa na umri wa miaka 78, baada ya maradhi ya ubongo ya mwaka 2015 yaliyomlazimu kujifunza upya mambo mengi, aliuimba Newport akiwa ameketi kitini. Maneno ni yale yale, lakini "mimi" ya msichana aliyedhani ameyaona maisha pande zote si "mimi" ya ajuza aliyeyaona kweli. Ndani ya Blue yenyewe, "This Flight Tonight" ulichukuliwa na Nazareth, kundi la wanaume wa Uskochi, wakaupiga kwa kishindo cha roki mwaka 1973, na watu wengi waliwajua wao kabla ya kumjua aliyeutunga.

Dylan naye alilijua jambo hili. Alipokuwa akirekodi Blood on the Tracks mjini New York, mwezi wa Septemba 1974, wimbo wa "Tangled Up in Blue" ulifunguka kwa "yeye". Mwezi wa Desemba alirekodi upya nusu ya nyimbo za albamu hiyo mjini Minneapolis, na huko ufunguzi ukawa "mimi". Ndivyo ulivyotoka mwaka 1975. Mtu aungamaye hawezi kuibadili nafsi ya aliyetenda jambo kama abadilivyo shati. Mtunzi aweza, na huyo ndiye tumsikilizaye.

Msomaji atauliza: Je, nyimbo zote za mapenzi si za "mimi" na "wewe"? Mbona nyingi hufa kabla ya mwaka kwisha? Swali hili ni la haki. Nafsi kuwa wazi hakutoshi, maana chumba kitupu hakikaliki. Mitchell huacha watu wazi, lakini vitu hutaja kwa jina na kwa umbo. Katika "A Case of You" hatuambiwi mpenzi ni nani. Twaambiwa mwimbaji yuko baa, achora ramani ya Kanada nyuma ya kikadi cha kuwekea bilauri, kwa mwanga wa buluu wa televisheni. Katika "River" piano huanza kwa kudokeza "Jingle Bells", wimbo wa Krismasi ujulikanao na kila mtoto, ila umetiwa huzuni, kisha mwimbaji atamani mto ulioganda apate kuteleza aende mbali. Mimi sijapata kuteleza juu ya barafu, wala sidhani kama wasomaji wengi wa jarida hili wamepata. Hata hivyo tamaa ile twaielewa kwa sababu mto wenyewe twauona. Vitu vyajulikana, watu hawajulikani: hiyo ndiyo kanuni niionayo katika santuri hii.

Kanuni hiyo yatusaidia pia kuona mahali inapolegea. Katika "My Old Man" mtunzi ahojiana na zama zake kwamba wapendanao hawahitaji karatasi ya serikali. Hoja hiyo ilikuwa moto mwaka 1971. Leo imepoa, na sehemu hiyo husikika kama hotuba. Lakini katika wimbo huo huo, mume aendapo, kitanda huwa kikubwa mno na kikaango huwa kipana mno. Hapo wimbo wafufuka. Kikaango kimeishi kuliko hoja.

Tena, santuri yenyewe haikumwagika kama machozi. Nyimbo mbili zilizokuwa tayari, "Hunter" na "Urge for Going", ziliondolewa mwishoni, mahali pao zikatiwa "All I Want" na "The Last Time I Saw Richard". Ya kwanza ndiyo ifunguayo santuri, ya pili ndiyo iifungayo: mmoja huanza safari akitafuta, mwingine hukaa peke yake mkahawani. Maana yake, mlango wa mbele na wa nyuma viliwekwa baada ya nyumba kujengwa. Hiyo ni kazi ya mpangaji wa diwani.

Sasa narudi kwetu, kwa neno moja tu. Katika taarabu yetu mwimbaji huimba "wewe" bila kutaja mtu, na msikilizaji huinuka katikati ya wimbo kwenda kumtunza, na kwa kutunza huko akaufanya wimbo kuwa wake na kumpelekea anayemjua yeye. Mahali petu pa kuficha ni hapo. Hakuna amwulizaye mtunzi alimkusudia nani. Na akiulizwa, hapaswi kujibu. Shaaban Robert alimtungia marehemu mkewe shairi la "Amina", akamtaja kwa jina, na hata hivyo wafiwa wengi wamelisoma wakiwalilia wafu wao. Watu wetu walilijua hili kabla ya Benveniste kuliandika. Sisi wasomi ndio tulisahauo, tunapompa mwanafunzi maisha ya mtunzi kwanza na utungo baadaye.

Nasema haya nikijua kosa lenyewe. Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari ng'ambo, niliinunua Blue katika duka la vitu vilivyokwisha tumika, nikaisikiliza majira yote ya baridi. "Little Green" niliuchukua kuwa ni wimbo wa mtu aliyemwacha mdogo wake nyumbani, maana ndivyo nilivyofanya mimi. Kisha nikasoma habari ya mtoto. Kwa muda mrefu baadaye sikuweza kuusikia wimbo; nilichosikia ni habari za watu. Nilikuwa nimejua zaidi na kusikia kidogo. Ilipita miaka hata mdogo wangu akarudi ndani ya wimbo, akaketi kando ya binti yule, wala hawakusukumana.

Elimu ya maisha ya mtunzi ina faida yake, na sishauri itupwe. Nashauri ije baada ya sikio, tena ije kama mgeni aliyebisha hodi. Mitchell alikiacha kiti wazi kwa makusudi. Mhakiki asiwe wa kwanza kukikalia na kumzuia msikilizaji mlangoni. Ikiwa nimekosea katika hili, wajuzi wa tungo na wa lugha watanisahihisha.