Kitenzi cha Mkopo na Hukumu ya Mhakiki: Mfano wa Keringet

Baadhi ya wahakiki wa riwaya na tamthilia za Kenya wamezoea kuuhukumu usemi wa wahusika kwa asili ya maneno. Neno la Kiarabu hupita bila kuulizwa. La Kiingereza, hasa likipitia Sheng, huitwa uchafuzi. Hukumu hiyo haina mashiko ya kisarufi.

Kitenzi cha Kibantu hugeuza irabu yake ya mwisho kinapokanushwa katika wakati uliopo: anasoma, hasomi. Jibu na samehe, vyenye asili ya Kiarabu, havigeuki: hajibu, hasamehe. Ripoti na chaji, vilivyotoka Kiingereza, vimefuata njia iyo hiyo: haripoti, hachaji. Hata hivyo, vyote hunyambulika: jibiwa, samehewa, ripotiwa, chajiwa. Mgeni amepewa kazi zote za nyumbani isipokuwa moja. Kifini nacho kina msamaha wa namna hii. Neno la zamani katu, yaani mtaa, huwa kadun likionyesha umiliki, ilhali auto, yaani gari, huwa auton, t yake isiguswe. Kihispania cha mitaani hakisamehi: chatear sharti kivae -ar na kufuata mkondo wa vitenzi vingine. Basi kijana wa Nakuru asemaye “hachat” hajavunja kanuni. Ameifuata ile waliyoiweka wakopaji wa pwani karne nyingi kabla yake.

Keringet, eneo la chai na viazi huko Kuresoi Kusini, hudhihirisha tatizo lilipo hasa. Mkipsigis akikopa hukopa kwa sarufi yake, ndiyo maana Biblia ya Kikalenjin ikaitwa Bukuit ne Tilil, neno la Kiingereza likiwa limepachikwa kiambishi tamati. Akihamia Kiswahili, aghalabu husikika akisema “kitabu yangu”. Waswahili waliinyakua ki- ya mzizi wa Kiarabu wakaifanya kiambishi, hata wakapata vitabu. Bara, ki- hiyo imebaki katika nomino lakini imeacha kutawala upatanisho. Wala kosa si la mkopo, kwani husemwa pia “kiti yangu”, na kiti ni neno la Kibantu.

Mwandishi anayemchora mkulima wa Keringet akimtia kinywani “nimechaji simu” hajapotoka. Akimpa upatanisho wa Lamu, amemdanganya msomaji. Na kasoro ya riwaya kadhaa ni kwamba mhusika husema “kitabu yangu” sokoni, kisha huwa fasaha ghafla pindi mwandishi anapotaka kuhubiri.