Yupo, Yuko, Yumo: Jina la Mji katika Ezekieli

Kitabu cha Ezekieli hakifungwi kwa sala wala wimbo. Hufungwa kwa jina la mji. Tangu sura ya 40 msomaji hupitishwa katika malango, nyua na kumbi, akipimiwa dhiraa kwa dhiraa hata achoke. (Hapo ndipo wengi hukitua kitabu, na hasara ni yao.) Mzunguko wa mji ukishatajwa, dhiraa 18,000, vipimo hukoma na jina hutamkwa: Yahweh shammah.

Shammah ni “huko”, au “pale”. Kiebrania kimetosheka na neno moja. Kiswahili humlazimisha mfasiri achague: yupo, yuko au yumo? Yumo ingependeza, kwani utukufu uliouacha mji kuelekea mashariki katika sura ya 11 hurejea kutoka mashariki katika sura ya 43, ukalijaza hekalu. Lakini asemaye yu uhamishoni Babeli, mwaka wa 25. Mji anauzuru kwa maono tu, na Yerusalemu yenyewe ni magofu ya miaka 14. Yuko, basi, ndilo neno lenye uchungu wake na tumaini lake. Wala halina maana kwamba ugenini hayupo: utukufu huo huo nabii aliuona kwanza kando ya mto Kebari.