Ipindue Kwanza: Namna ya Kuitambua Baiskeli Nzuri ya Chuma

Muuzaji aliyebobea hukuonyesha rangi, kengele, madgadi yanayong'aa na nembo ya mbele. Vyote hivyo fundi hubadilisha kabla chai haijapoa. Mnunuzi anayejua huomba jambo moja tu: baiskeli ipinduliwe, ikae juu ya usukani na siti, magurudumu yaangalie juu. Hapo ndipo kazi ya aliyeiunda inapoanza kuonekana, maana baiskeli ni chombo cha viungo, na viungo vyenyewe vimejificha chini ya rangi au ndani ya grisi.

Nazungumzia ile baiskeli kubwa nyeusi ya magurudumu ya inchi 28, breki za fito na keria nzito. Wakenya huiita Black Mamba. Wazee wengi waliijua kwa jina la Raleigh ya Nottingham, waliofuata wakaijua kwa jina la Phoenix ya Shanghai. Umbo lake limebadilika kidogo sana tangu mwaka 1885, John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alipoitoa Rover yake: magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa, na cheni inayosukuma gurudumu la nyuma. Kabla ya hapo watu walipanda ile yenye gurudumu kubwa mbele, pedali zimefungwa kwenye ekseli yake, na aliyeanguka alitangulia kichwa. Nyuma zaidi, mwaka 1817, Karl von Drais wa Ujerumani alikuwa na chombo cha mbao kisicho na pedali kabisa; mpandaji alisukuma ardhi kwa miguu. Anayetaka kuliona wazo hilo likiwa bado kazini aende Goma, ambako chukudu ya mbao hushusha magunia ya viazi mlimani kila siku.

Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alipata hataza ya tairi la upepo, na tangu hapo swali la baiskeli iweje lilikuwa karibu limekwisha. Likabaki swali la nani anaiunda vizuri.

Anza na gurudumu la mbele. Lizungushe polepole kisha liache. Habu nzuri hailiachi gurudumu lisimame popote linapotaka. Litakwenda, litasita, litarudi nyuma kidogo, litapembea mara kadhaa hadi sehemu iliyo nzito, mara nyingi ile yenye valvu, itulie chini. Valvu ni chuma kidogo sana. Kama uzito huo unatosha kulivuta gurudumu zima, ujue koni na gololi zimekaa sawasawa na njia ya gololi haijaliwa. Likisimama ghafla, ama koni zimekazwa mno, ama ndani mna mashimo. Sasa shika ringi uitikise kulia na kushoto. Ikigonga, koni zimelegea, na hilo fundi hulimaliza kwa spana mbili. Mashimo hayana dawa ila kununua habu nyingine. Mfaransa Jules Suriray alipata hataza ya gololi za baiskeli mwaka 1869, na mwaka huohuo James Moore alishinda mbio za kutoka Paris hadi Rouen, kiasi cha kilomita 123, akiwa juu ya baiskeli yenye gololi hizo. Tangu siku hiyo hakuna kisingizio cha habu inayokwaruza.

Ukiwa bado hapo, zipige spoku kwa ukucha, moja baada ya nyingine, upande mmoja kwanza. Zinapaswa kutoa sauti zinazokaribiana, kama nyuzi za gambusi lililolinganishwa. Ile inayotoa mlio mzito, bubu, imelegea, na jirani zake zinabeba mzigo wake, nazo ndizo zitakazokatika. Kwenye gurudumu la nyuma usishangae upande wa friwili ukitoa sauti ya juu zaidi kuliko upande wa pili. Ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu friwili inakula nafasi na spoku za upande huo hukazwa zaidi ili ringi ikae katikati. Tazama pia spoku zinavyopishana. Zisizopishana, zinazotoka kwenye habu moja kwa moja kwenda kwenye ringi, hazipendi kuzungushwa kwa nguvu kutoka katikati. James Starley, ami yake yule wa Rover, ndiye aliyeweka hataza ya spoku za kupishana mwaka 1874, na mpaka leo gurudumu la nyuma la kubebea mzigo haliundwi kwa njia nyingine iliyo bora. Kisha zihesabu. Waingereza waliweka 32 mbele na 40 nyuma, kwa kuwa uzito wa mpanda na wa keria uko nyuma. Ukikuta 40 nyuma, aliyeiunda alikufikiria wewe na gunia lako.

Sasa isimamishe, uende nyuma yake, ufumbe jicho moja. Gurudumu la nyuma linapaswa kulificha la mbele. Lisipofanya hivyo, fremu imepinda au foku imepinda. Foku hunyooshwa. Fremu nayo hunyooshwa, lakini mimi siinunui. Pitisha kidole chini ya bomba linaloshuka kutoka shingoni kwenda kwenye krenki, hapo juu kabisa, karibu na shingo. Ukihisi mkunjo mdogo, au ukiona rangi imepasuka kwa mkato wa kukingama, baiskeli hiyo imewahi kugonga kitu kwa mbele, hata kama muuzaji anaapa. Rangi mpya sehemu hiyo tu, ilhali kwingine ni kuukuu, ni jibu tosha.

Viungo vya fremu ya kale ni vipande vya chuma ambamo mabomba huingizwa, kisha vikalehemiwa kwa shaba. Kazi nzuri huijua kwa ukingo wa kipande hicho: umelala juu ya bomba bila mwanya, na rangi inavuka ukingo bila ufa. Ufa mwembamba wenye kutu unaofuata ukingo maana yake shaba haikufika ndani, na kiungo kinacheza. Watu husifu wepesi, na ni kweli kuna mabomba ya kifalme. Kampuni ya Reynolds ya Birmingham ilipata hataza mwaka 1897 ya bomba lililo nene ncha zote mbili na jembamba katikati, na mwaka 1935 ikatoa chuma cha 531 kilichotawala mbio kwa miongo. Hayo ni ya mashindano. Anayebeba madumu ya maji au matenga ya nyanya aachane nayo. Bomba nene la chuma cha kawaida, lililolehemiwa vizuri, ndilo lake.

Krenki hukaguliwa kwa macho na mikono. Ziweke pedali mbele na nyuma, usawa mmoja, uzitazame kwa ubavu. Mikono miwili ya krenki lazima iwe mstari ulionyooka. Ikiwa mmoja umeinama kidogo, kota pini zinazoifunga mikono hiyo zimeingizwa kutoka upande mmoja badala ya kuelekeana, au moja imesagwa kwa tupa ovyo. Gandamiza pedali zote mbili kwa pamoja. Ukisikia mlio mkavu, "ko", pini inacheza, na baada ya muda italila tundu lake.

Cheni nayo hupimwa kwa rula. Vipande 24, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu moja ya nane ya inchi, imekwisha. Angalia na meno ya gia, maana cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka huruka.

Breki za fito ni imara na rahisi kutengeneza, ila kwenye ringi ya chuma iliyolowa hakuna breki ya namna hiyo inayostahili sifa. Siti ni suala la makalio yako.

Basi usiogope baiskeli iliyochakaa rangi yenye fremu iliyonyooka na habu safi, lipa. Na kabla hujalipa, omba fundi afungue habu ya nyuma mbele yako, azimwage gololi kwenye kitambaa. Muuzaji akikataa, rudi nyumbani na pesa zako.