Ngoma Isiyo na Mbele

Ngoma ikichezwa uwanjani huko Ganze au Marafa, pwani ya Kenya, haina mbele wala nyuma. Watu huizunguka, na mgongo wa mchezaji una watazamaji wake sawa na uso. Aliyesimama huku anaona mabega yakitetemeka, aliyesimama kule anaona sketi ya hando ikiyumba kiunoni, na wote wameiona ngoma ileile. Kijana wa Malindi anayeomba nafasi katika chuo cha sanaa za jukwaani ng'ambo anatakiwa kuipitisha ngoma hiyo kwenye jicho moja la simu, lisilosogea, iwafikie majaji asiowajua.

Si mara ya kwanza ngoma za Wamijikenda kugeuzwa uso. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927, limewazoesha wanafunzi wa shule kujipanga safu na kuwakabili majaji. Ila jukwaa la tamasha lina upana, na anayeteleza hufichwa na wenzake. Video ya usaili humtaka mtu peke yake, aonekane kuanzia utosini hadi unyayoni, acheze mwanzo hadi mwisho bila picha kukatwa. Juilliard ya New York, kwa mfano, huwachuja waombaji wengi wa muziki kwa rekodi kabla ya kumwita yeyote, na tangu korona ya 2020 vyuo vingi vimezidi kuzoea kumpima mtu kwa video.

Anayedhani kazi hii ni kubonyeza simu tu hajawahi kupambana na upepo wa kusi.

Pwani hii jua huchomoza baharini, saa kumi na mbili na dakika chache asubuhi. Kwa hiyo mchezaji huelekea bahari na simu huipa bahari mgongo, mwanga ukampata usoni. Wageni hufanya kinyume: huiweka bahari nyuma kwa kupenda mandhari, na mchezaji akabaki kivuli cheusi mbele ya maji yanayometameta. Kisha kuna miguu. Mchanga mkavu humeza nyayo, na jaji asiyeona nyayo ameona nusu ya ngoma. Mchanga mgumu hupatikana maji yakipwa, lakini siku za bamvua, kama wavuvi wanavyojua, maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, jua likiwa limeshapanda na macho ya mchezaji yamezama gizani chini ya paji. Mwanga mzuri na sakafu nzuri ni nadra kupatana. Wajuzi huwaachia watalii ufuo, wakatafuta baraza ya shule yenye sakafu ya saruji, inayotazama mashariki.

Sauti ndiyo mtihani mkubwa zaidi. Kayamba, ile bapa ya matete yenye mbegu ndani, ina mchakacho ambao simu huuchanganya na upepo. Ngoma nayo ikipigwa karibu mno hufunika kila kitu. Dawa ni kuwasogeza wapigaji hatua kadhaa nyuma ya simu, na dawa hiyo huleta faida ambayo haikutafutwa: mchezaji sasa anawatazama wenzake. Macho yanakuwa na mtu wa kuongea naye. Duara limerudi, ila nusu yake haionekani, na jaji aliye mbali amekalishwa katikati yake bila kujua. Hilo, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndilo jambo zuri kuliko yote katika ufundi huu, na halihitaji kamera ya bei kubwa.

Kabla ya hayo yote kuna kuchagua. Kifudu kingemvutia jaji yeyote, lakini ni ngoma ya matanga. Ndicho Mekatilili wa Menza alichokicheza mwaka 1913 akiwakusanya Wagiriama dhidi ya utawala wa Waingereza. Mwaka 2009 UNESCO iliziorodhesha mila za Kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kwa hiyo kijana mwenye adabu huwauliza wazee kipi kinapakiwa mtandaoni na kipi hakipakiwi, na mara nyingi huondoka na gonda, ngoma ya furaha, ambayo mabega yake yanajieleza hata kwa asiyejua Kigiriama.

Bado kuna sekunde chache za kujitambulisha: jina, jina la ngoma, inakotoka. Wengi huzikariri kama shairi la darasa la tatu, nazo ndizo zinazowaumbua. Afadhali kuzisema ukiwa bado unahema baada ya mazoezi.

Zikishapatikana rekodi kadhaa, ubishi huanza. Mwalimu hupenda ile safi, isiyo na hatua iliyokosewa. Wapigaji hupenda ile ambayo kayamba ilizidi kasi na mchezaji akalazimika kuifukuza. Wapigaji wasikilizwe.