Maji yanayoongezwa baada ya vipimo

Gari la zege lenye mita 8 za ujazo, kwa mchanganyiko wa kawaida wa nguzo na slabu, hubeba takriban kilo 2,800 za saruji. Hiyo ni mifuko 56. Maji yaliyopimwa mtamboni ni kama lita 1,400. Lakini gari hilohilo lina tangi jingine la maji, la kuoshea pipa na mfereji wa kumwagia, na mpira wake uko mkononi mwa dereva. Mimi naamini kwamba katika ujenzi wa ghorofa za Dar es Salaam hakuna kifaa kinachoamua mengi na kuangaliwa kidogo kama mpira huo.

Tupige hesabu. Lita 1,400 za maji kwa kilo 2,800 za saruji ni uwiano wa 0.50. Ongeza ndoo nane za lita 20 na uwiano unapanda hadi karibu 0.56. Kwa macho, zege limependeza. Linateleza lenyewe kwenye mfereji, halihitaji kusukumwa kwa koleo, na vijana wa vaibreta wanafurahi. Makadirio yanayotumika katika biashara hii ni kwamba kila lita 5 zinazoongezwa kwenye mita moja ya ujazo hulainisha zege kwa sentimita 2.5 hivi na kulipunguzia nguvu kwa newtoni 1 au zaidi kwa kila milimita ya mraba. Ndoo nane kwenye mita 8 ni lita 20 kwa kila mita. Zege lililolipiwa kama la 30 limeshuka hadi 25 au 26, na hakuna aliyeiba hata mfuko mmoja wa saruji.

Jambo hili si geni. Duff Abrams alilichapisha Chicago mwaka 1918: maadamu zege linashindilika vizuri, kinachoamua nguvu yake ni kiasi cha maji kikilinganishwa na saruji. Saruji huhitaji sehemu tu ya maji hayo ili igande. Yanayobaki hukaa ndani, na yakikauka huacha vitundu visivyoonekana. Kwa jengo la Upanga, Masaki au Kigamboni, vitundu hivyo ndiyo njia ya chumvi ya bahari kuifikia nondo. Nondo ikishika kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani, miaka mingi baada ya dereva na foremani kuhamia kazi nyingine.

Kinachonisumbua zaidi ni jinsi vipimo vyetu vinavyoweza kulikosa kosa hilo kabisa. Gari linafika saiti, mpimaji anachukua zege la mwanzo kwenye toroli. Anajaza koni ya sentimita 30 kwa tabaka tatu, kila tabaka anaichoma kwa fimbo mara 25, ananyanyua koni na kupima zege limeshuka kiasi gani. Kisha anajaza zile tofali za sentimita 15 zitakazovunjwa maabara siku ya 7 na ya 28. Akishaziweka kivulini, foremani anamgeukia dereva: "Suka, tia maji kidogo, vijana wanachoka." Siku ya 28 tofali zinavunjika kwa newtoni 33, ripoti inasainiwa, kila mtu anaridhika. Maabara imepima kwa uaminifu zege ambalo halikuingia kwenye nguzo.

Ndiyo maana namtazama dereva wa gari la zege kama fundi wa mwisho wa mchanganyiko. Swali la kitaalamu ni hili: afanye nini ili afike na zege ambalo halihitaji ule mpira?

Kazi yake inaanza kabla ya kupakia. Ndani ya pipa kuna mapezi yaliyojisokota. Pipa likizunguka upande mmoja yanavuta zege ndani na kulichanganya, likizungushwa kinyume yanalitoa nje. Dereva makini huzungusha kinyume kabla ya kuingia chini ya mtambo, ili maji ya kuoshea yaliyobaki kutoka safari iliyopita yamwagike yote. Asipofanya hivyo anapakia zege juu ya maji ambayo hakuna kompyuta ya mtambo inayoyajua. Msimu wa masika kuna mtego mwingine. Mchanga uliolala kwenye mvua, ukiwa na unyevu wa asilimia 5, huingiza karibu lita 40 katika kila mita ya ujazo yenye kilo 800 za mchanga. Kuyapunguza maji hayo kwenye kipimo ni kazi ya mwendeshaji wa mtambo, lakini dereva ndiye wa kwanza kuona kwamba zege la leo ni jepesi kuliko la jana, na anapaswa kusema palepale badala ya kuondoka nalo.

Baada ya hapo ni saa. Kiwango cha Marekani cha ASTM C94, ambacho mikataba mingi duniani hukifuata, kwa miaka mingi kiliweka dakika 90 tangu maji yakutane na saruji hadi zege limwagwe, isipokuwa mnunuzi ameridhia vinginevyo. Kutoka Tegeta kwa Barabara ya Bagamoyo, kupita Mwenge na Morocco hadi katikati ya jiji, foleni inaweza kumeza muda huo wote. Na dakika 90 za Januari jijini Dar, kivulini nyuzi 32, si sawa na dakika 90 za mahali penye baridi. Joto huharakisha saruji kushika na hukausha maji, kwa hiyo zege linazidi kuwa gumu njiani ingawa mzigo umebaki uleule. Kumwaga usiku, kama wafanyavyo wakandarasi wengi kwenye slabu kubwa, kunapunguza joto na foleni kwa pamoja. Naona ni uamuzi bora kuliko dawa yoyote ya kutia kwenye zege.

Njiani pipa haliruhusiwi kusimama, lakini halipaswi kukimbia pia. Mwendo wa safari ni mizunguko 2 hadi 6 kwa dakika. Matoleo ya zamani ya C94 yaliweka pia kikomo cha mizunguko 300 kwa mzigo mmoja, na kina maana yake: kila mzunguko unasaga kokoto na kuongeza joto. Dereva anayezungusha mara 4 kwa dakika muda wote wa dakika 90 amefikisha 360. Akishuka hadi 2 anapokwama kwenye foleni, zege linafika likiwa limechoka kidogo tu. Tofauti hiyo inatokana na leva moja, na madereva wengi hawajawahi kuelezwa sababu yake.

Mwendo wa gari nao una hesabu yake. Zege la mita 8 lina uzito wa tani 19 hivi, limekaa juu sana, na pipa linapozunguka, zege linapanda upande mmoja wa ukuta wake. Uzito hauko katikati hata barabara ikiwa imenyooka. Kwenye kipilefti, dereva mzoefu hupunguza mwendo kabla ya kuikata kona, hakanyagi breki akiwa ndani yake.

Karibu na leva za nyuma, magari mengi yana geji ya presha ya haidroliki inayozungusha pipa, na hapo utaalamu unaonekana waziwazi. Zege gumu linahitaji nguvu zaidi kuzungushwa, sindano inapanda. Likiwa laini, inashuka. Dereva anayelijua gari lake huisoma sindano ile pamoja na mlio wa mota, akakisia zege litashuka kiasi gani kwenye koni kabla mpimaji hajafungua mfuko wake. Sindano ikipanda mapema, wakati gari liko bado Mwenge, anapiga simu mtamboni. Huo ndio wakati wa kuamua, kabla vijana thelathini hawajasimama na makoleo wakimsubiri.

Hata gari likiharibika kabisa njiani, mzigo una njia ya kutokea isiyo ya kuumwaga mtaroni. Sukari huchelewesha saruji kushika. Kiasi kidogo sana, asilimia 0.05 ya uzito wa saruji, ambayo kwa mzigo wetu ni kilo 1.4, huahirisha kushika kwa saa kadhaa. Kilo sita au zaidi zinaweza kuizuia saruji kushika kabisa. Kuna madereva wanaobeba mfuko wa sukari kwa dharura hiyo. Zege lililotiwa sukari kwa kukisia halifai tena kuingia kwenye nguzo, lakini pipa limeokoka. Bila hivyo, watu huingia ndani ya pipa na mashine ya kuchonga, kwenye kelele na vumbi linaloharibu mapafu, kubandua kilichogandia kwenye mapezi.

Tuseme gari limefika na zege ni gumu kuliko lilivyoagizwa, ingawa muda haujapita. Kuna njia mbili za halali. Ya kwanza ni dawa ya kulainisha, inayotiwa kwa kipimo cha mtengenezaji na kulegeza zege bila kugusa uwiano wa maji. Ya pili ni maji, ikiwa tu mtambo ulibakiza makusudi sehemu ya maji ya mchanganyiko na kuiandika kwenye karatasi ya mzigo. Hapo dereva anarudisha kisichozidi kiasi hicho, kisha pipa lizungushwe kwa kasi ya kuchanganyia angalau mizunguko 30. Maji yaliyomiminwa mdomoni mwa pipa na kutolewa papo hapo yanaharibu sehemu ya mzigo iliyo karibu na mdomo na kuiacha nyingine ikiwa ngumu vilevile.

Pale dereva anapolipwa posho kwa tripu, na foremani anapiga kelele kwamba zege halilali, ni vigumu kwa mtu mmoja kukataa. Karatasi ya mzigo humpa mahali pa kusimama. Iwe na saa ya kupakia, saa ya kufika, maji yaliyobakizwa, maji yaliyoongezwa na jina la aliyeagiza. "Fundi, nitatia, lakini saini hapa kwanza" ni sentensi ambayo kila kampuni ya zege ingemfundisha dereva wake siku ya kwanza na kumtetea akiitumia. Na mpimaji asimalize kazi kwa toroli la kwanza. Sampuli ya tofali ichukuliwe katikati ya mzigo, na kama maji yameongezwa, ichukuliwe upya baada ya mizunguko ile 30, hata kama koni ya kwanza ilishapita.