Picha ya Yowe na Wenyewe

Huenda, msomaji, umepata kuiona chapa ya Yowe, kazi ya Edvard Munch wa Norway. Aliichora mara nne. Tatu zimo katika makumbusho ya nchi yake. Ya nne, ya mwaka 1895, ilichorwa kwa chaki za rangi juu ya kadibodi, na kwenye fremu yake Munch aliandika shairi la hofu ya jioni ile. Rangi zake ni kali kushinda za wenzake, nami naipenda kuliko zote.

Hugo Simon, Myahudi mwenye benki mjini Berlin, aliikimbia Ujerumani mwaka 1933 akiwa ndiye mwenye picha hii. Mwaka 1937 ikamfikia Thomas Olsen, tajiri wa meli, jirani yake Munch, ambaye wakati wa vita aliificha katika ghala la majani makavu. Mwanawe aliiuza mnadani New York mwaka 2012 kwa dola karibu milioni 120. Wazao wa Simon wakalalamika: babu yao, walisema, aliuza kwa kushurutishwa na dhuluma. Mnada haukusimama. Mwaka ule ule jumba la MoMA likaitundika kwa miezi sita, na kila aliyeingia aliweza kulisoma lile shairi kwenye fremu.