Chapa Njema Hujulikana Jina Likifunikwa

Katika masoko ya Nyamira, Sironga ikiwemo, hukosi kuona duka lililopakwa rangi ya kampuni kubwa. Kijani cha Safaricom kimeenea mno tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007. Mwenye duka hupata rangi bila kulipa, lakini mpita njia haoni duka lake. Anaona kampuni ya Nairobi. Hapo ndipo pa kuanzia kupima chapa ya biashara ndogo: funika jina, kisha uulize kama mteja bado atajua ni ya nani. Akijua, chapa ipo. Asipojua, kilichopo ni rangi na maandishi tu.

Jina

Jina zuri hutamkwa mara moja kwenye simu na likaandikwa bila kukosewa. Mwendesha bodaboda akitajiwa, halimtatizi. Jina dhaifu huisifu bidhaa badala ya kumtambulisha mwenyewe. Chukua “Ndizi Tamu Sironga”. Linaeleza bidhaa, linaisifu, linataja mahali, na kila muuza ndizi wa Sironga ana haki ya kusema maneno hayohayo. Sheria ya Alama za Biashara ya Kenya nayo inalitazama hivyo: maneno yanayoeleza sifa ya bidhaa moja kwa moja, majina ya mahali na majina ya ukoo hayasajiliki kwa urahisi, mpaka uthibitishe kwamba wateja wameyazoea kuwa yako.

Wengi huchanganya mambo mawili hapa. Kusajili jina la biashara kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, hakukupi haki ya alama ya biashara. Alama hiyo husajiliwa KIPI, taasisi ya mali ya kiviwanda ya Kenya, na ulinzi wake ni wa miaka 10, kisha unahuishwa. Anayejua kazi hutafuta kwanza kwenye daftari la KIPI kabla ya kumlipa mchoraji.

Rangi na maandishi

Simama ng'ambo ya barabara. Bango ukilisoma kabla matatu haijapita, ni zuri. Bango baya hubeba kila kitu: jina, namba tatu za simu, orodha ya bidhaa, mstari wa Biblia na picha ya mwenye duka. Mchoraji stadi wa mabango humshawishi mteja apunguze maneno, na nafasi anayoacha kati ya herufi na herufi ndiyo inayotambulisha mkono wake.

Rangi ichaguliwe kwa kutazama jirani. Nyamira ni nchi ya majani chai, na kijani kimejaa milimani na madukani. Atakayechagua kijani kingine atapotea humo hata kiwe kizuri namna gani. Kisha ijaribu nembo kwa rangi moja: kwenye muhuri, kwenye risiti, kwenye picha ndogo ya WhatsApp. Nembo inayohitaji rangi nne ili ieleweke haijakamilika. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, mfuko mbadala wenye alama moja iliyo wazi umekuwa bango linalotembea hadi nyumbani kwa mteja.

Mkono ule ule

Kipimo kikubwa kuliko vyote hakimo kwenye bango, kimo kwenye mkono ulioitengeneza bidhaa. Tabaka, upande wa Kisii, huchongwa mawe ya sabuni yanayouzwa mbali sana. Nyingi ya kazi hizo huondoka bila jina la mchongaji, na mnunuzi wa ng'ambo hukumbuka neno “Kenya” tu. Elkana Ong'esa, mchongaji wa Tabaka huko huko, anajulikana kwa jina lake, na kazi yake imefika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Jiwe ni moja. Tofauti ni mkono unaotambulika.

Chai inafundisha jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Mifuko ya viwanda vya Nyamira hufika mnada wa Mombasa ikiwa na alama ya kiwanda na daraja la chai, kama BP1 au PF1. Haina picha ya kuvutia. Mnunuzi huonja sampuli kabla ya kutoa bei. Alama ambayo chai yake haibadiliki msimu hadi msimu hujijengea heshima, na iliyoteleza huadhibiwa kwenye bei. Alama ya kiwanda haiwezi kujisifu. Ladha ndiyo inayoisemea.

Ndiyo maana nikipewa biashara niipime, sianzi na nembo. Nanunua bidhaa hiyo hiyo kwa siku tofauti, kutoka kwa wahudumu tofauti. Kilo inatimia? Chapati ya Jumatatu na ya Ijumaa zina ukubwa mmoja? Salamu ni zile zile mwenye duka asipokuwepo?

Kwa mwenye fedha kidogo, mpangilio wa matumizi ni huu: kwanza mizani sahihi na bidhaa isiyobadilika, pili, jina ambalo jirani hawezi kulidai, tatu, rangi moja kwenye ukuta wako mwenyewe, hata kama kampuni imejitolea kukupakia yake bure, nne, usajili wa KIPI. Mchoraji wa nembo aje mwisho, kwa kuwa wakati huo atakuwa na kitu cha kweli cha kuchora.